Hapa Tunanyoa Tu

Kaka yangu hajawahi kumwambia mtu neno baya huku amemshikia wembe, na hilo ndilo lililotuponza. Watu husifu ulimi mtamu. Mimi nimeshaona kazi yake, kwa hiyo asije mtu akanisifia.

Ni kinyozi. Si kinyozi wa juzijuzi, wa kununua mashine na kioo leo na kesho kujiita bingwa. Huyu ni kinyozi mtoto wa kinyozi. Kibanda chake na changu ni kimoja kilichokatwa kati kwa ubao wa plaiwudi. Upande wake kuna kiti cha kuzunguka, kioo kirefu, chupa za spiriti na redio isiyozimwa. Upande wangu kuna cherehani, na vitambaa vya watu wanaoleta leo wakitaka nguo jana. Ubao wenyewe mwembamba. Akipiga chafya namwambia pole bila kuinuka. Ndiyo maana maisha yake nimeyasikia zaidi ya nilivyoyaona.

Kazi aliirithi kwa baba, pamoja na sheria yake. Marehemu baba nyumbani alikuwa pilipili, lakini nyuma ya kiti cha kunyolea alikuwa asali. Kaka alipokuwa anajifunza, alimwambia mteja mmoja, kwa nia njema kabisa, kwamba nywele zimeanza kumkimbia utosini. Ilikuwa kweli tupu, utosi ulikuwa unang'aa. Yule bwana akalipa, akaondoka, asionekane tena, na baba akamzaba kaka kofi ambalo mpaka leo akilisimulia anajishika shavu. Mteja hainuki kitini na kinyongo, baba akamwambia. Anainuka anajiona mpya, mengine ataambiwa na mkewe.

Kaka akaimeza sheria hiyo bila kuitafuna. Mwenye kipara aliambiwa ana paji la uso la msomi. Mwenye kichwa cha pembepembe aliambiwa kinakubali kila mtindo. Bonge, mwenye bucha pale kona, ambaye shingo yake inabidi uitafute, kila akija aliambiwa amepungua. Nilikuwa nacheka peke yangu nyuma ya ubao mpaka najichoma sindano. Na watu walimpenda jamani, walimpenda kweli. Watu walihama mtaa na bado wakawa wanarudi kunyolewa kwake.

Sasa wakaja watu wa mradi wa moyo. Walikuwa watafiti, na wazo lao lilikuwa zuri, hata sasa silikatai. Walisema wanaume hawaendi hospitali mpaka wabebwe, ila hakuna mwanamume asiyekwenda kwa kinyozi. Basi kinyozi afundishwe kupima presha. Ampime mteja, amwambie namba yake, ikiwa juu amtume kliniki, ambako kuna muuguzi wa mradi na dawa. Halafu kinyozi awatumie watafiti zile namba kwa simu. Walitaka kujua kama mwanaume atamsikiliza anayemnyoa kuliko anavyosikiliza mabango ya ukutani.

Wakamchagua kaka, wakampeleka mafunzo. Akarudi na kipimo ndani ya mkoba mweusi na mabega yamepanda. Mtaa mzima ukaanza kumwita Daktari, naye akawa anaitika. Alifanya kila kitu kama alivyofundishwa: mteja atulie kwanza, miguu ikanyage chini, asivuke mguu juu ya mguu, asiongee. Hilo la kutoongea lilimtesa yeye kuliko wateja. Nilikuwa nasikia ule mkanda ukijaa upepo, ukipumua taratibu, halafu sauti ya kaka: safi kabisa, presha ya kijana hii. Au: imepanda kidogo, kidogo tu, punguza chumvi. Mteja anaondoka anapiga mluzi.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Mtu mkubwa, mwenye kicheko cha kusikika barabarani, na mtu wa kunyunyiza chumvi kwenye sahani kabla hajaonja, mpaka nilimuuliza chakula changu kimemkosea nini. Mchana kichwa kilikuwa kikimuuma kwa nyuma, kwenye kisogo. Alisema ni jua na moshi wa kuchomelea. Nikamsumbua akapime. Hospitali akakataa katakata, ila kwa shemeji yake alikubali, maana alikuwa anakwenda kunyoa hata hivyo.

Siku hiyo nilisimamisha cherehani ili nisikie vizuri. Mkanda ukajaa, ukapumua. Kaka akaufungua mkanda, akasema iko juu kidogo tu shemeji, si ya kukunyima usingizi, punguza chumvi, utatuzika wote wewe. Mume wangu akacheka. Mimi nikashusha pumzi, nikaendelea kushona. Jioni hiyo chumvi ikaondoka mezani, na kabla mwezi haujaisha ikawa imerudi. Alinyolewa tena, akapimwa tena, akaambiwa yaleyale, na tukazoea.

Kisha asubuhi moja akiwa kazini kile chuma cha kuchomelea kilimdondoka. Wenzake walidhani anatania. Alijaribu kusema kitu, mdomo ukaenda upande, na mkono wa kulia, mkono ulioijengea nusu ya mtaa huu mageti, ukaning'inia kama si wake. Kiharusi. Hospitalini daktari aliniuliza kama mgonjwa ana presha. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba hana, anapimwa kila mara, kaka yangu ndiye anayempima.

Alirudi nyumbani yuko hai, lakini upande mmoja umekwenda na maneno yamekwenda. Lilibaki neno moja tu, haya. Akitaka maji, haya. Akikasirika, haya. Akiniona nalia, haya, haya, ananishika kwa ule mkono mzima.

Muuguzi wa mradi akaja kutupa pole. Ni mwanamke mpole, mwenye kuongea polepole. Alimpima mume wangu, akakunja mkanda wake, akaniambia kwa masikitiko kwamba walijitahidi.

"Tangu alipopimwa mara ya kwanza, namba zake zilikuwa zinatutisha, dada. Tulimwomba kaka yako amsisitize aje kliniki. Kila mara alisema ameshamwambia. Tukadhani mumeo ni mkaidi tu, kama wengi."

Nikamuuliza namba gani. Akanitajia: mia na tisini juu, mia na ishirini chini. Mimi ni fundi cherehani, namba ninazozijua ni za viuno na mabega, lakini nilimwona usoni nikaelewa. Alinieleza bila haraka kwamba presha haina adabu ya kubisha hodi, kwamba mtu anaweza kutembea nayo miaka anacheka tu, na kwamba kidonge cha kila siku kingeweza kuishusha. Kidonge ambacho kilikuwepo kliniki, na hakuna aliyekwenda kukichukua.

Hebu fikiria. Kaka hakukidanganya kipimo, wala hakuwadanganya watafiti. Kila namba aliituma kama ilivyo. Watu wa mradi walioko ofisini kwao, wasiomjua mume wangu hata sura, waliijua presha yake. Mimi niliyelala naye sikuijua, na yeye mwenyewe mwenye mkono hakuijua.

Sikumbuki nilivyofika kibandani. Kaka alikuwa anamnyoa Mwalimu, mzee aliyestaafu kufundisha, ana povu nusu ya uso. Sikumwamkia mtu. Nilisema yote niliyoambiwa, mbele ya Mwalimu na mbele ya waliokuwa wakisubiri kwenye benchi, na sikupunguza sauti. Kaka alikuwa anasafisha kitana kilichokuwa kisafi tayari. Nilipomaliza ndipo akaongea.

"Ningemwambiaje, mdogo wangu? Mtu amekaa kwangu anacheka, nimwambie unakufa?"

"Ungemwambia aende kliniki."

"Nilidhani akipunguza chumvi itashuka. Nilikuwa nasubiri ishuke kwanza, ndipo nimwambie ilikuwa juu."

Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia ndugu yangu wa tumbo moja, na kilichonichoma zaidi ni kwamba nilimwelewa. Huyo ndiye kaka. Hata habari ya kifo angeisubiri mpaka iwe nzuri ndipo aitoe.

Mwalimu alikuwa anatutazama kwenye kioo. Akaondoa kitambaa shingoni taratibu.

"Na mimi je?" akauliza.

Kaka akainamisha kichwa. Akasema yako pia, Mwalimu. Mzee wa watu akajifuta povu, akatoka na nusu ndevu, akaelekea moja kwa moja kliniki. Nilipogeuka kutazama benchi, wote waliokuwa wamekaa walikuwa wameshasimama.

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa jambo lenyewe. Si mume wangu peke yake. Kulikuwa na wanaume mtaa mzima wanaotembea na presha ya kuangusha ng'ombe, wanapiga mluzi, kwa sababu Daktari wao amewaambia wako safi. Yeyote kati yao angeweza kuanguka kesho. Nikamwambia kaka awafuate, mmoja mmoja, awaambie kweli, na kama hawezi basi asinihesabu kuwa dada yake na kwangu asikanyage. Vichwa vyote alikuwa anavijua, na presha ya kila kichwa.

Akafunga kibanda akaanza kuzunguka. Alikwenda gereji, akaenda kwa muuza mbao, akaenda sokoni. Akirudi jioni nilikuwa namuuliza, na alikuwa ananisimulia bila kuchuja, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mwenye gereji alimuuliza kliniki inampa nini kwa kila kichwa anachopeleka. Muuza mbao alisema juzi umeniambia kijana, leo unaniambia mzee, wewe mwenyewe ukapimwe akili. Wengine walimsikiliza kwa heshima, wakamshukuru, wakamuaga, na hawakwenda popote. Waliokwenda kliniki walikuwa Mwalimu na wachache, tena wengine kwa kuburutwa na wake zao, maana mimi nami sikukaa kimya, wake zao ndio wateja wangu.

Kaka alimkuta Bonge anakata mbavu. Hakuacha kukata.

"Akili ni nywele, kila mtu ana zake," alimwambia. "Zangu wewe ni wa kuzinyoa tu. Hujaajiriwa kuzihesabu siku zangu."

Watu wakaanza kumkwepa. Walikuwa wanavuka barabara wakimwona na mkoba wake mweusi. Kiti kikawa kinazunguka kwa upepo. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kinyozi mwingine, mtu wa kulipua kazi, asiyejua kuchonga hata mstari wa sikio. Huyo akanunua rangi, akaandika mlangoni kwake kwa herufi kubwa: HAPA TUNANYOA TU. Basi kibanda chake kikajaa. Bonge alikuwa wa kwanza kuonekana pale, kidevu juu, anakatwa vibaya na anafurahi. Wahenga walisema ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji. Hawa wetu walimwona mwenzao ananyolewa mpaka damu, wakahamia kwa kinyozi mwingine.

Muuguzi alikuja akamsema kaka vilivyo, akazungumza na wanaume pale sokoni, akaeleza kwa upole wake wote. Walimpa kiti, wakamsikiliza, wakamsindikiza mpaka barabarani.

Mteja wa kudumu akabaki mmoja, mume wangu. Unaweza kuamini? Kila wiki ikifika siku yake ya kunyoa, alikuwa ananionyesha mlango, haya, haya. Nilimsukuma kwa kile kiti cha magurudumu huku nimenuna, na akifika alimwinamishia kaka kichwa chake kama hakuna lililotokea. Labda alisamehe, labda alikuwa amechoka, sijui, hakuwa na neno la kuniambia. Mimi nilikuwa sijasamehe na nilikuwa nalo la kusema, ila nikifika pale nakuta ndugu yangu anampima mume wangu, halafu anataja namba kwa sauti, juu na chini, bila kupamba. Nikawa nakosa pa kuanzia.

Mwanzoni namba zilishuka. Kisha mume wangu akaanza kukataa vidonge. Kimoja kilikuwa cha kupunguza maji mwilini, na kilimpeleka haja ndogo kila saa, na kwenda haja maana yake ni mimi kumkumbatia, kumvuta, kumshusha, kumsubiri, kumpandisha. Mwanaume aliyekuwa ananyanyua geti zima peke yake. Aligeuza uso kila nilipomvua suruali. Basi akawa anakiweka kidonge chini ya ulimi, na nikigeuka anakitema. Nilimgombeza, nikambembeleza, nikasaga vidonge nikavitia kwenye uji, naye akaacha uji. Tulimwambia muuguzi, akaahidi kwamba daktari atabadilisha dawa siku yetu ya kliniki itakapofika.

Siku yetu haikufika. Tulikuwa kwa kaka, ameshanyoa upande wa kushoto, mume wangu akajishika kichwa akafumba macho. Kaka akazima mashine, akazima na redio. Akafunga mkanda, ukajaa, ukapumua, akasoma. Akapiga magoti mbele ya kile kiti ili waonane uso kwa uso.

"Shemeji, sikufichi. Iko juu sana, kuliko siku zote. Hatumalizi kunyoa. Tunakwenda hospitali sasa hivi."

Mume wangu akamtazama. "Haya," akasema.

Kaka alimsukuma akikimbia, kitambaa cha kunyolea bado shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, mimi nyuma nimebeba viatu vyake. Mtaa mzima ulituona. Waliokuwa kwa yule kinyozi wa ng'ambo walitoka mlangoni kuangalia. Hospitalini walimpokea haraka, sina la kuwalaumu. Daktari alisema mshipa umepasuka ndani ya kichwa na damu imetapakaa. Alikata roho jua halijatua.

Kabla ya kuzika, kaka aliomba aingie peke yake kule alikolazwa marehemu. Nilimfuata, nikasimama mlangoni. Alikuwa anamalizia upande uliobaki. Alinyoa polepole, akachonga kisogo, akapangusa masikio kwa kidole. Hapo ndipo kinyongo changu kilipokatika. Si kwamba nilimsamehe, kilikatika tu.

Msibani watu walijaa, maana mume wangu alikuwa mtu wa watu. Na maneno yakaanza, kwanza chinichini, halafu wazi. Kwamba marehemu alikuwa anaendelea vizuri. Kwamba alikuwa anakwenda kunyoa mwenyewe kila wiki, hana tatizo. Kwamba ni shemeji yake aliyempigia magoti akamtajia mambo ya kutisha, moyo ukashtuka, mshipa ukapasuka. Bonge ndiye aliyesema kwa sauti kuliko wote kwamba mgonjwa haambiwi hali yake, na kwamba bora yule Daktari wa zamani, aliyekuwa anajua kuongea na watu. Wengine wakaitikia kwa vichwa, vichwa vibaya, vimenyolewa kama vimepigwa panga. Kaka alikuwa amekaa chini karibu na ukuta, peke yake. Miaka yote ya uongo hakuna aliyemlaumu. Siku aliyosema kweli wamemfanya muuaji.

Nilisimama. Mwanamke aliyefiwa hasimami akahutubia, najua, lakini nilisimama.

"Mume wangu hakuuawa na namba ya juzi," nikasema. "Ameuawa na zile nzuri zote alizoambiwa kabla. Na ninyi mliokaa hapa, Bonge, na wewe wa gereji, na wewe wa mbao, yenu mmeshaambiwa. Kaka yangu aliwafuata mpaka makazini kwenu. Kliniki iko wazi kesho asubuhi. Msipokwenda, mke wako atakaa hapa nilipokaa mimi, na wako, na wako."

Nilikuwa nawanyooshea kidole, mmoja mmoja. Wakatazama chini. Nikadhani wamesikia. Kisha Bonge akainuka, macho yamemlowa kwa huruma, huruma ya kweli kabisa, akanisogezea kiti chake mwenyewe. Mwingine akakimbilia maji. Wakanikalisha, wakanipepea, wakawa wanaambizana kuwa ni uchungu tu unaosema, mwacheni, amepatwa. Bonge akanishikia glasi mdomoni kama mtoto, akaniambia kwa sauti ya chini, tulia dada yangu, usiwaze sana, usije ukajipandisha presha.